Kanisa la mawe ya matumbawe: kusoma ukuta na kuupiga lipu ya chokaa, Bagamoyo

Lipu ikianza kubambuka kwenye kanisa la kale, neno la kwanza kikaoni huwa ni kwamba jengo limezeeka, na la pili ni bei ya saruji. Hapo ndipo majengo mengi ya pwani yanapoumizwa. Ukuta wa matumbawe na chokaa ukipigwa lipu ya saruji utapendeza misimu miwili mitatu, kisha lipu itaanguka vipande vikubwa vikubwa, kila kipande kimebeba uso wa jiwe mgongoni mwake. Kinachofuata ni saruji nyingine, nene zaidi, na jiwe linazidi kwisha.

Maelezo haya ni kwa halmashauri ya walei, kwa paroko na kwa fundi mwashi atakayeshika kazi hiyo Bagamoyo, au popote pwani penye kanisa, msikiti au nyumba ya mawe ya zamani. Mawe ni yaleyale, kwa hiyo na dawa ni ileile.

Jua jengo limejengwa lini na lini

Misheni ya Bagamoyo ilianzishwa 1868 na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliovuka kutoka Unguja wakiongozwa na Padre Antoine Horner. Aprili 1872 kimbunga kilichoiharibu Unguja kiliipiga na misheni pia. Mnara wa kanisa la kwanza ndio unaoitwa leo Mnara wa Livingstone, kwa kuwa mwili wa mmisionari na mpelelezi David Livingstone, uliobebwa na watumishi wake akina Chuma na Susi kutoka Chitambo katika Zambia ya leo, ulilazwa hapo Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja. Nyumba ya mapadre ilianza kujengwa 1873, nyumba ya masista ambayo sasa ni makumbusho ni ya 1876, na kanisa kubwa lilikamilika 1914.

Tarehe hizi zina kazi kwa fundi. Kanisa la kale karibu kila mara ni majengo mawili au matatu yaliyoshonwa pamoja, na mshono ndio unaopasuka. Makanisa ya kale ya Hispania husomwa kwa namna hiyohiyo: mwili wa kanisa wa karne moja, kikanisa cha pembeni cha karne nyingine, mnara wa tatu. Giralda ya Sevilla ilijengwa karne ya 12 ikiwa mnara wa msikiti, na chumba cha kengele kikaongezwa juu yake karne ya 16. Anayeutazama mnara ule bila kujua hilo atashangaa kwa nini nusu ya juu haifanani na ya chini. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, chora ramani ya jengo kwenye karatasi moja, hata kwa mkono, na uandike kila sehemu na mwaka wake kadiri kumbukumbu za parokia zinavyoruhusu: mwili wa kanisa, altare, sakristia, mnara, baraza. Pale sehemu mbili zinapokutana, weka alama nyekundu. Utaihitaji baadaye utakapofika kwenye nyufa.

Kuna jambo la sheria pia. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya 1863. Misheni ni ya 1868, na wapo wanaodhani kwamba miaka hiyo mitano inawaweka huru. Haiwaweki: jengo la baadaye nalo linaweza kutangazwa na Waziri kuwa la kulindwa. Andika barua kwa Idara ya Mambo ya Kale kabla ya kupandisha jukwaa, ambatanisha ile ramani na picha, eleza utatumia nini. Pamoja na hiyo, pata idhini ya jimbo. Barua mbili tu, na kazi haitasimamishwa katikati lipu ikiwa nusu.

Ukuta umeundwaje

Ukuta wa namna hii huwa na unene wa sm 50 hadi 60, na chini ya mnara huzidi hapo. Una nyuso mbili za mawe, na katikati kifusi cha mawe madogo kilichomiminiwa chokaa na mchanga. Jiwe ni la mwamba wa matumbawe wa nchi kavu, jepesi, lenye vitundu kama sifongo. Mwashi wa zamani hakujali vitundu hivyo. Alivitaka, kwa sababu ndivyo vinavyoshika chokaa.

Mvua ikipiga, ukuta hunywa. Jua likitoka, hutema. Lipu ya chokaa ina vinyweleo, kwa hiyo maji hutoka yalikoingilia. Saruji huziba njia hiyo. Maji yakikosa mlango hupanda juu au huingia ndani ya kanisa, yakiwa yamebeba chumvi ya udongo na ya upepo wa bahari. Yanapokauka nyuma ya saruji, chumvi hugeuka fuwele, fuwele huvimba, na jiwe husagika kuwa unga. Lipu inaonekana nzima kwa nje, huku nyuma yake mna mfuko wa vumbi. Tena saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe. Jengo linapojinyoosha kwa joto la mchana na kujikunja usiku, kinachovunjika ni kile kilicho laini, na kilicho laini ni jiwe la kale.

Basi kanuni inayobeba kazi yote ni kwamba lipu lazima iwe laini kuliko jiwe. Lipu ndiyo inayotakiwa kuharibika, kwa sababu lipu hubadilishwa na jiwe halibadilishwi.

Kusoma ukuta

Tenga wiki moja kwa kazi hii, na siku mbili kati ya hizo ziwe za mvua kama inawezekana. Vifaa ni vichache: timazi (uzi wenye uzito wa kupimia wima), kamba, rula, tochi, kisu kidogo, penseli, ndimu, na simu ya kupigia picha.

Gonga lipu kwa kifundo cha kidole, sehemu baada ya sehemu, kila baada ya sm 30. Lipu iliyoshika hutoa sauti fupi na nzito. Iliyoachana na ukuta hulia kama mtungi mtupu. Zungushia penseli sehemu zinazolia. Usibomoe kitu bado.

Kisha tambua lipu ni ya nini. Saruji ni ya kijivu na kisu hakiikwaruzi kwa urahisi. Chokaa ni nyeupe au rangi ya mchanga, kisu huingia, na ukivunja kipande utaona chembe nyeupe za chokaa isiyochanganyika vizuri, mara nyingine na punje za mkaa wa tanuri. Tone la ndimu likiwekwa juu ya chokaa hutoa povu. Angalia tu usidanganyike: mchanga wa ufukweni una vipande vya kome na matumbawe, nao hutoa povu hata ukiwa ndani ya saruji. Ndimu na kisu vitumike pamoja.

Sasa unyevu. Mahali ulipo ndipo panapokwambia ulikotoka. Mkanda wa unyevu unaoanzia sakafuni na kukoma kama mita moja juu, wenye ukingo wa chumvi nyeupe, ni maji ya ardhini. Doa linaloanzia juu na kushuka kama ulimi ni paa au gata. Doa lililo chini ya dirisha ni kizingiti kisicho na mteremko wa kutosha kumwaga maji nje. Doa la upande wa baharini peke yake ni mvua inayosukumwa na upepo, na hilo ndilo jepesi kulitibu, kwa sababu hapo lipu nzuri ya chokaa na mikono kadhaa, yaani tabaka kadhaa, ya chokaa ya kupaka hutosha.

Nyufa zinahitaji subira kuliko yote. Ufa unaoshuka kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha hadi chini unaonyesha msingi umetitia upande mmoja. Ufa wima pale mnara unapokutana na mwili wa kanisa, na alama yako nyekundu ikiwa hapohapo, kwa kawaida ni mshono: mnara ni mzito, ulititia zaidi, basi. Ufa wa kulala unaofuata mstari wa paa, ukuta ukiwa umetoka nje ya timazi, maana yake paa inausukuma ukuta. Huo ni wa mhandisi, na kazi ya lipu isianze mpaka auone. Nyufa nyingine zote zipime mwendo: bandika kipande chembamba cha chokaa juu ya ufa, upana wa vidole viwili, andika tarehe, na uweke mstari wa penseli kwenye ncha zote mbili za ufa. Angalia mara moja kwa mwezi mpaka masika na kiangazi vyote vipite. Kipande kikipasuka, ufa bado unatembea, na kuuziba ni kupoteza chokaa. Kisipopasuka, umelala tangu zamani na unaweza kuufunga.

Tazama pia vyuma. Nondo za madirisha, ndoano za taa na misumari iliyoingizwa ukutani hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe. Jiwe lililopasuka kuzunguka nondo halina tatizo la msingi wala la mvua. Nondo ikatwe na itolewe, irudishwe ya chuma kisichoshika kutu, ishikizwe kwa chokaa.

Maji kwanza, lipu baadaye

Sehemu hii ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu, kwa kuwa haionekani kwenye picha ya uzinduzi. Lakini lipu bora kabisa juu ya ukuta unaonyweshwa maji kila masika haitamaliza miaka mitatu.

Anza na paa na gata. Mwaga ndoo tano za maji juu ya kila gata na uangalie yanatokea wapi. Bomba la kuteremshia maji lisiishie juu ya ardhi karibu na ukuta. Lifikishe maji mita mbili mbali angalau. Mtini mwitu uliootea juu ya mnara usiung'oe, maana mizizi imeshapita katikati ya mawe na itatoka nayo. Ukate usawa wa ukuta, upake shina dawa ya kuua visiki, uache ukauke kwa miezi kadhaa, ndipo utoe kinachotoka chenyewe kwa mkono.

Kisha ardhi ya nje. Kwa miaka mia moja na zaidi watu wamefagia, wamemwaga kifusi, wameweka zege, na ardhi imepanda. Pima: uwanja wa nje unatakiwa uwe chini ya sakafu ya kanisa kwa sm 15 hadi 20. Mara nyingi utakuta uko sawa nayo au umeizidi. Punguza udongo. Na kama kuna ukanda wa zege uliomiminwa kuzunguka kanisa eti kuzuia maji, huo ndio unaoyasukuma ndani. Ardhi iliyofunikwa haiwezi kutoa mvuke, kwa hiyo unyevu wote unaelekea mahali pekee palipo wazi, yaani ukutani. Uvunje. Mahali pake chimba mfereji wenye upana wa sm 30 na kina cha sm 30, usivuke kina cha msingi kwa hali yoyote, uwe na mteremko wa sm 2 kwa kila mita kuelekea mbali na jengo, ujaze kokoto safi. Kabla ya kuchimba, fungua shimo moja dogo la majaribio uone msingi umekwenda chini kiasi gani. Misingi ya zamani mingine ni mifupi kuliko unavyotarajia.

Kutoa saruji

Nyundo na patasi tu. Mashine ya kuvunjia zege hutikisa kifusi cha katikati ya ukuta, na huwezi kuona madhara yake mpaka uso wa ukuta utakapovimba. Anzia katikati ya sehemu inayolia kama mtungi, ingiza patasi kwa ulalo, karibu sambamba na ukuta, uibandue badala ya kuipiga kwa uso. Mahali saruji imeshikana na jiwe kiasi kwamba inatoka na jiwe, iache. Ndiyo, inaudhi kuona kiraka cha kijivu kimebaki, lakini kiraka hicho kitaachana chenyewe siku moja, na jiwe litakuwa bado lipo.

Ukuta ukiwa wazi, uache ukauke. Kadirio la mafundi ni mwezi mmoja kwa kila sm 2.5 za unene, na kwa ukuta wa sm 50 unaokauka pande mbili hiyo ni karibu miezi 10. Wachache wataweza kusubiri hivyo. Subiri angalau kiangazi kimoja kizima. Katika muda huo chumvi itatoka kama unga mweupe: ifagie kwa brashi kavu, ikusanye kwenye gunia, ipeleke mbali. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani, na ukiiacha idondoke chini ya ukuta mvua itairudisha msingini.

Ukuta ulioshiba chumvi upigwe kwanza lipu ya kafara: sehemu 1 ya chokaa kwa 4 za mchanga, nene mm 15, bila kupakwa chochote. Itanyonya chumvi, itaanza kusagika baada ya miezi kadhaa, na hapo itolewe yote itupwe. Sehemu nyingine za ukuta wa baharini huhitaji kafara mbili.

Chokaa

Tanuri la asili la pwani lilikuwa rundo la matumbawe juu ya magogo, likichomwa mpaka jiwe lifike kama nyuzi 900 za Selsiasi na kuachia hewa ya ukaa. Kinachobaki ni jiwe jepesi lenye kiu kali ya maji. Likinyweshwa huwa rojo, na rojo likiwa ukutani hurudisha taratibu ileile hewa ya ukaa kutoka angani na kugeuka jiwe tena. Ndiyo maana chokaa haikauki tu, bali inakomaa, na kwa kukomaa inahitaji hewa na unyevu kidogo kwa pamoja.

Huko Morón de la Frontera, kusini mwa Hispania, ufundi wa kuchoma chokaa kwa tanuri za kuni ulikaribia kufa, ukafufuliwa, na mwaka 2011 UNESCO ikauweka kwenye orodha yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi. Wazee wanaojua tanuri wapo pwani yetu pia, na elimu yao inastahili heshima ya namna hiyo. Lakini matumbawe ya baharini yasiguswe: kuyavunja ni kosa kisheria, na mwamba ukifa samaki wanaondoka. Nunua chokaa iliyochomwa kutokana na mawe ya nchi kavu. Chokaa ya Tanga inafaa sana.

Ukipata chokaa hai ya mabonge, yaani iliyochomwa lakini haijanyweshwa maji, izime mwenyewe kwa maji. Pipa la chuma, si la plastiki. Maji kwanza, sehemu 3, ndipo uongeze chokaa sehemu 1 kidogokidogo kwa beleshi. Usigeuze mpangilio huo: ukimwaga maji juu ya rundo la chokaa litachemka na kuruka usoni mwa mtu. Vaa miwani ya fundi, glavu na mikono mirefu, watoto wa mafundisho wawe mbali, na ndoo ya maji safi iwe karibu. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi dakika 20 bila kukatiza, kisha hospitali moja kwa moja. Koroga mpaka itulie, chekecha kwa wavu wa mm 3, ifunike na maji ya sm 5 juu yake, uiache miezi mitatu. Itakuwa nzito kama mtindi ulioganda. Ukipata ya unga ya mifukoni, hakikisha haijakaa dukani mwaka mzima, maana unga uliopigwa na hewa umeshageuka jiwe na haushiki tena. Loweka ndani ya maji angalau siku moja, wiki moja ni bora zaidi, uchote rojo la chini.

Mchanga uwe wa mto au wa shimo, wenye punje kali za ukubwa tofauti, kuanzia vumbi nene hadi mm 4 au 5. Mchanga wa ufukweni una chumvi. Ukilazimika kuutumia, uoshe kwa maji yasiyo na chumvi mara tatu na uuonje. Ukionja chumvi, osha tena. Jua mchanga wako unataka chokaa kiasi gani kwa kipimo hiki: jaza kopo kwa mchanga mkavu, kisha mimina maji kwa kipimo mpaka yafike usawa wa mchanga. Kama kopo la lita 3 limekunywa lita 1, uwiano wako ni 1 kwa 3. Likinywa zaidi, nafasi kati ya punje ni kubwa na chokaa iongezwe. Uwiano hausomwi kwenye karatasi hii, unasomwa kwenye kopo lako.

Kwa eneo la mita 10 za mraba, lipu ya jumla ya mm 25, pamoja na mashimo ya ukuta, andaa lita 300 za mchanga na lita 100 za rojo la chokaa. Hizo ni ndoo 15 na ndoo 5 za lita 20. Usishangae kwamba mchanganyiko hautafika lita 400. Chokaa inaingia katikati ya punje. Usiongeze maji. Mchanganyiko utaonekana mkavu mno, na kibarua atataka kumwaga kopo moja tu. Mzuie. Twanga kwa mchi au kanyaga kwa buti dakika 20, na rojo litalainisha kila kitu lenyewe. Maji yaliyoongezwa hutoka baadaye na kuacha nyufa.

Kwenye mkono wa kwanza changanya katani iliyokatwa vipande vya sm 3 hadi 5, konzi moja kubwa kwa kila ndoo, uichambue isiwe na mafundo. Kwa sehemu za chini zenye unyevu wa kudumu, ongeza vumbi la matofali ya kuchoma yaliyosagwa vizuri, nusu ya ujazo wa chokaa. Vumbi hilo huifanya chokaa ishike hata pasipo na hewa nyingi. Saruji kidogo ya kusaidia, ambayo mafundi wengi huipenda, isiingie hata kijiko. Kiasi kidogo hakisaidii kushika, na chumvi zake zinakwenda kwenye jiwe.

Kupiga lipu

Msimu ni Juni hadi Septemba. Masika yameisha, jua si kali, na kazi inapata miezi ya kukomaa kabla ya vuli. Desemba hadi Februari ni pabaya: kaskazi na jua hukausha uso kabla ya ndani kushika.

Fagia vumbi lote kwenye maungio. Mwagia ukuta maji jioni, na tena asubuhi, mpaka uwe na unyevu lakini usitiririke. Mashimo yenye kina cha zaidi ya sm 2 yatomewe kwanza: weka chokaa, sukumia vijiwe vya matumbawe vilivyoloweshwa, chokaa tena, mpaka usawa ukaribiane na mawe mengine. Usijaze shimo kwa chokaa tupu, itajikunja na kuachia.

Mkono wa kwanza urushwe kwa mwiko kwa nguvu. Kuupaka kwa kubembeleza hakutoshi, kwa sababu ni ule mrusho unaoingiza chokaa kwenye vitundu. Unene mm 10, na usizidi 12. Ikianza kushika, ikwaruze kwa msumari kwa mistari ya mshazari. Subiri siku 7 hadi 10. Ukucha ukishindwa kuacha alama, iko tayari kwa mkono wa pili. Mkono wa pili vivyo hivyo. Wa mwisho uwe mwembamba, mm 5, mchanga uliochekechwa zaidi, na usawazishwe kwa kibao cha mti. Mwiko wa chuma huleta rojo juu na kuziba vinyweleo, hata kama unang'arisha. Fuata mawimbi ya ukuta wa zamani, usiunyooshe kwa rula kama ukuta wa tofali. Ukitaka unyoofu kamili, lipu itafika sm 5 mahali fulani, na hapo ndipo itakapoanguka.

Tundika magunia yaliyolowa, sm 5 mbele ya ukuta, uyanyunyizie asubuhi, adhuhuri na jioni kwa siku 7 baada ya kila mkono. Hapo ndipo kazi nyingi huharibika, hasa Jumamosi na Jumapili kunapokuwa hakuna mtu. Jumuiya ndogondogo zigawane zamu za kunyunyiza.

Makosa yenyewe husomeka. Lipu ikitoa unga ukiipangusa, ilikauka haraka mno. Ikipasuka kama wavu wa samaki, ilikuwa na chokaa nyingi au maji mengi. Kama ni siku ya kwanza hadi ya tatu, inyunyizie na uikandamize tena kwa kibao, nyufa zitafunga. Ikibanduka shuka zima, ukuta ulikuwa mkavu au na vumbi. Ikibaki laini baada ya wiki nne, kuna maji yanayoingia ambayo hukuyaziba, na urudi kwenye gata na mfereji kabla ya kuilaumu chokaa.

Chokaa ya kupaka

Acha lipu ikomae mwezi mmoja. Kisha lita 5 za rojo kwa lita 15 za maji, koroga, chekecha kwa kitambaa. Iwe nyepesi kama maziwa. Ikipakwa ukaona weupe papo hapo, ni nzito na itabanduka. Ikipakwa vizuri huonekana kama maji tu, na weupe huja kesho yake. Lowesha ukuta, tumia brashi pana ya katani, mikono minne au mitano, saa 24 kati ya mmoja na mwingine. Ukitaka rangi, tumia udongo wa rangi wa asili, usizidi sehemu 1 kwa 10 ya uzito wa chokaa, na uchanganye kiasi cha ukuta mzima kwa mara moja, maana hutapata rangi ileile tena.

Rangi za plastiki za dukani zisiguse ukuta huu, ndani wala nje. Ni saruji kwa jina jingine: zinafunga vinyweleo vilevile ulivyotumia mwaka mzima kuvifungua.

Upande wa baharini upakwe upya kila mwaka, Septemba, mikono miwili, na pande nyingine kila baada ya miaka miwili au mitatu. Nyuma ya mlango wa sakristia acha mraba wa sm 30 kwa 30 bila kupaka, mikono yote mitatu ya lipu ionekane kwa ngazi, na pembeni yake andika kwa penseli uwiano uliotumia, mchanga ulitoka wapi, na tarehe.